Kila Neno na Mwenyewe

Mgongo unaniuma. Tuko ukumbi wa kanisa, mtaa wa Baba Dogo, Jumamosi mchana, watu wazima wamejaa mabenchi, na wote tunaimba kwa Kijapani kwamba mgongo unatuuma. Senaka ga itai desu. Tunaimba huku tunacheka. Wavinya amesimama mbele, anapiga meza kwa rula kutupa mdundo.

"Tena! Owiti, hiyo itai yako inatoka kama umekanyagwa."

"Si ndiyo maana yake, madam? Kuumwa! Sasa niiseme kama nimepewa soda?"

"Iseme kama mtu anayetaka visa."

Hatukuwa na mwalimu; hata Wavinya alikuwa mwanafunzi mwenzetu. Mwalimu wa Kijapani yuko mjini, na anafundisha watoto wa watu wanaojulikana. Redioni walikuwa wanaimba kila asubuhi kwamba kule nje kuna kazi, vijana wachangamke, lakini nani awafundishe vijana hao, hilo redio haikusema. Kwa hiyo watu wa Baba Dogo wakajifundisha wenyewe. Kila neno lilipewa mwenyewe. Itai, kuuma, lilikuwa la Owiti kwa sababu siku tuliyolipata alikuwa amevimba shavu la jino. Kulala lilikuwa la Kiarie, anayeuza mayai na soseji pale stejini kwenye matatu, kwa sababu tulimkuta mara nyingi amesinzia kando ya jiko lake. Ukisahau neno, hukuangalia simu. Wavinya alipiga marufuku simu, na mwenye kushikwa nayo aliosha vikombe vya wote. Ulitoka nyumbani kwako ukaenda kwa mwenye neno, ukabisha hodi, ukaomba. Ndivyo tulivyojifunza, na tulijifunza vizuri.

Mimi sikuwa wa kusafiri. Umri umeenda. Shule yangu iliishia darasa la sita, na sheria za kazi nilizisoma kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama. Hakuna kitu kinachofundishwa mtaa huu nikakosa kukaa benchi la nyuma. Waliniita Komredi, nusu heshima, nusu kunichokoza.

Sentensi ya mgongo ilitoka kwa Adoyo. Adoyo ndiye aliyelianzisha darasa na ndiye wa kwanza kati yetu kuruka, akaenda kutunza wazee katika nyumba moja huko Japani. Kila wiki alituma sentensi kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa sauti, iwe somo letu la Jumamosi. Hakuongeza neno la Kiswahili. Sentensi tu, mara mbili, polepole, na nyuma yake maji yakimwagika au mashine ya kufulia ikinguruma.

Mdogo wake, Carolyne, ndiye aliyekuwa anafuata. Ameshaacha kazi ya kushona sare kule mtaa wa Fedha. Ameshapimwa, ameshapigwa picha, anaruka Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Alikaa benchi la mbele na koti jipya magotini, hata joto likiwa kali, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Siku hiyo ya mgongo aliingia Gichuru, wakala. Yeye ndiye aliyempeleka Adoyo, yeye ndiye wa kumpeleka Carolyne, na yeye ndiye msimamizi wa lile kundi la WhatsApp. Alileta mandazi kwenye karatasi kubwa, akasimama mlangoni, akatusikiliza tukiimba maumivu.

"Hiyo ndiyo Kijapani sasa!" Akapiga makofi. "Endeleeni hivyo hivyo, watu wangu. Japani inawangoja."

Hakuelewa hata neno. Mtu huyo aliuza Japani kama mwingine anavyouza sukuma wiki sokoni, na lugha yenyewe alijua asante peke yake. Tukala mandazi yake.

Wiki iliyofuata Adoyo alituma: sijalala. Kiarie akasimama kwa mbwembwe, neno lake limetajwa, akatufundisha kulikanusha. Tukaimba kwamba hatujalala. Owiti akakoroma, watu wakavunjika mbavu.

Halafu ikaja ya ufunguo. Kagi wa arimasen. Ufunguo hakuna. Kagi lilikuwa neno langu mimi, na nilipolisikia katika sauti ile ya chini, na maji yakienda nyuma yake, niliacha kuimba.

Maana mimi sisahau. Watu wananiambia, Komredi, mambo ya zamani achana nayo. Mimi nilikuwa zamu ya mchana kiwanda cha nyuzi hapa nyuma, wakati mwenye kiwanda alipoanza kuwafungia wanawake wa zamu ya usiku ndani, kwa kufuli, ati wasitoke na nyuzi. Wanawake walikuwa wakituambia getini, kwa utani, tukipishana: leo tena tumefungiwa. Tukicheka nao. Siku boila ilipopasuka, mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Mmoja wao, jirani yangu aliyeitwa Wangu, aliyekaa mlango wa pili kutoka kwangu, alitolewa akiwa ameshika komeo. Na afisa aliyekuja kuchunguza alikunywa chai ya mwenye kiwanda, akaandika ni bahati mbaya.

Nilimvuta Wavinya kando, kwenye bomba la maji.

"Madam, hebu ziweke hizi sentensi pamoja. Moja baada ya nyingine."

"Kwa nini?"

"Ziweke tu."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikienda bila sauti. Mgongo. Kulala. Ufunguo. Kisha akakumbuka za nyuma, kabla sijazitia maanani: chakula ni baridi. Mikono yangu imepasuka. Nikaona rula inashuka mkononi mwake.

"Komredi, hayo ni masomo. Ni maneno ya kazi. Wazee wanaumwa migongo."

"Mzee wa Kijapani ndiye hana ufunguo?"

Kila mtu alikuwa ameshika kipande chake, akakipenda, akakipiga msasa, na hakuna aliyeitazama nguo nzima.

Tulimwita Carolyne. Alitusikiliza mkono kiunoni.

"Wee Komredi, kwako kila mtu ni mwizi. Jana tu Adoyo amempigia mama, wamecheka hadi salio likaisha."

"Alipiga simu ya nani?"

"Ya mama. Simu ni hiyo moja."

"Na mama aliiweka wapi?"

"Juu ya meza. Kwa sauti. Kulikuwa na wamama wa kanisa."

"Basi angesema nini mbele ya wamama wa kanisa waliomuombea? Na kwenye kundi yupo Gichuru, anasikiliza kila kitu. Imebaki lugha moja ambayo Gichuru haijui."

Carolyne alilikunja koti lake, akalikunjua. "Mnanitia baridi bure," akasema. "Na mkikosea? Nibaki hapa nikifanya nini? Kule Fedha wameshachukua mwingine." Hilo lilikuwa swali la haki. Wavinya ndiye aliyemjibu: "Usitusikilize sisi. Muulize yeye. Muulize kwa Kijapani."

Jumapili kukawa na maombi ya kumuaga. Ukumbi ulijaa, viti vikaletwa kutoka nyumba za jirani. Mama Adoyo alikuwa na kitambaa kipya kichwani, akisalimia watu kwa mikono miwili. Mtoto mmoja Japani, wa pili anaenda: nani mtaani alikuwa kama yeye? Gichuru aliketi mbele, karibu na mchungaji. Baada ya maombi wakampigia Adoyo kwa video, simu ikainuliwa ili wote waone.

Alikuwa amepungua. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lenyewe halikusogea.

"Nyanya!" Mama alimwita hivyo nyumbani. "Unakula lakini?"

"Nakula, mama. Niko sawa kabisa. Bwana asifiwe."

"Amina!" ukumbi ukajibu.

"Sasa mwanafunzi aonyeshe alichojifunza," Gichuru akasema, akicheka. "Carolyne, salimia dadako Kijapani, tusikie kama pesa za nauli hazijapotea."

Carolyne akachukua simu. Alikuwa amelala na hayo maneno mdomoni, ametoka kwa mwenye neno hili akaenda kwa mwenye neno lile, tangu alfajiri.

"Dada," akasema kwa Kijapani, wazi, polepole. "Huko ni mahali pazuri?"

Tabasamu la Adoyo lilibaki pale pale. Macho yake yakaenda pembeni, kwa Gichuru aliyeonekana nyuma ya bega la Carolyne, yakarudi. Kisha akajibu kwa sauti nyepesi, ile ya mtoto anayesoma ubaoni.

"Iie. Konaide kudasai."

Hapana. Tafadhali usije. Hapana ni neno la siku ya kwanza, hata aliyelala darasani alilijua. Benchi letu lote lilikauka. Wageni wakashangilia, mchungaji akasema lugha za mataifa ni karama, Gichuru akapiga makofi kuliko wote.

"Usije," Adoyo akarudia kwa Kijapani kilekile, anatabasamu. Picha ikaganda, simu ikakatika.

Carolyne akamrudishia mama simu. "Mama, siendi."

"Huendi wapi?"

"Japani. Naogopa ndege."

Mwanzo watu walidhani ni mzaha. Kisha Mama Adoyo akainuka. Mambo aliyosema mama yule mbele ya kanisa sitayaandika, kwa sababu alikuwa hajui, na mtu asihukumiwe kwa asilolijua. Carolyne aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja. Lakini Gichuru alikuwa kiti cha mbele, na namba ya wale waliomshikilia Adoyo ilikuwa mfukoni mwake. Akala aibu yote peke yake.

Gichuru hakupiga kelele. Alikuja kwenye benchi letu, akachuchumaa.

"Huyo dada alisema nini?"

"Avae koti zito," Owiti akasema haraka. "Kuna baridi kama friji, buda."

"Na kwa hilo mtu akaogopa ndege?" Alitutazama usoni mmoja mmoja, bila haraka, kama anayechagua kuku. "Haya. Mmejua kusoma sana."

Jumamosi iliyofuata alikuja na watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa vizuri, ambaye alisema ameishi Osaka na anatafsiri kwa kazi. Wa pili alikuwa Mama Adoyo. Gichuru alikuwa amemleta ashuhudie jinsi darasa la wivu lilivyomharibia mtoto bahati yake. Carolyne alikuwa benchi la nyuma, karibu nami. Mama yake hakumtazama.

"Nimewaletea mwalimu," Gichuru akasema. "Lakini kwanza tumsikilize Adoyo, msichana mwenye bidii." Akatoa simu, akaanza kuzicheza zile sauti kutoka kwenye kundi, ya kwanza hadi ya mwisho, na yule mwanamke akamwinamia, tayari kumnong'oneza.

Sauti ya chini, maji. Mwanamke akanong'ona. Uso wa Gichuru haukubadilika. Sauti ya pili.

"Mama," Mama Adoyo akamwambia yule mtafsiri, kwa heshima, "huyo ni mtoto wangu anaongea. Sema kwa nguvu na mimi nisikie anavyojua."

"Si lazima," Gichuru akasema.

"Mimi ndiye mama yake."

Mwanamke akamtazama Gichuru, akamtazama mama. Sijui aliona nini. Kazi yake ilikuwa kutafsiri, akatafsiri.

"Anasema mikono yake imepasuka. Hapa anasema mgongo unamuuma. Hii, hajalala. Hii anasema hana ufunguo." Akasita, akaisikiliza ya mwisho, iliyoingia jana yake, ambayo sisi wenyewe tulikuwa hatujathubutu kuifungua. "Hii anasema: nataka kurudi nyumbani."

Mama Adoyo alikaa. Hapakuwa na kiti mahali pale, akakaa sakafuni, kitambaa kikamteleza kichwani. Carolyne akaruka mabenchi kumfikia.

"Gichuru," mama akasema kutoka chini. "Nipigie mtoto wangu. Sasa hivi. Hapa."

"Mama, tulia. Hayo ni mazoezi ya darasa. Hebu nitoke nipate mtandao." Alikuwa tayari ameshaweka simu sikioni, anaongea Kiingereza, anaelekea kwenye gari. Nikamfuata. Dereva wake alifungua mlango, akaufunga, na kioo kikapanda. Mama alipojaribu namba ya Adoyo kwa simu yake mwenyewe, haikuita kabisa.

Niliporudi ndani mama alikuwa ameinua uso, anatutazama sisi wa mabenchi.

"Hayo maneno," akasema. "Mlikuwa nayo wiki zote hizo?"

"Ndiyo, mama," Wavinya akasema.

"Mkiyafanya nini?"

Tukiyaimba, na wewe ulikuwa ukitusikia kutoka barabarani, nilitaka kumwambia, ulipita na kapu lako ukatupungia mkono.

"Twendeni kwa ofisi yake," Carolyne akasema. "Leo, kabla hajaifunga. Wote. Tukayaseme kwa Kiswahili, mlangoni, kila mtu neno lake, hadi atoe namba ya hiyo nyumba."

Nikasimama. Wavinya akasimama, na Owiti. Yule mtafsiri naye akachukua mkoba wake, akasema atakuja, maana ile namba itahitaji mtu wa kuongea nayo. Wengine walikuwa wanatazama vitabu vyao. Picha zao, vipimo vyao, pasipoti zao, vyote vilikuwa kwa Gichuru, na mimi sikuwa na la kuwapa badala yake.

Tulipomshika mama mikono kumtoa nje, gari lilikuwa bado pale, injini inanguruma. Kioo cha nyuma kilikuwa kimeteremshwa kidogo. Kiarie alikuwa ameinama penye ule mwanya, kofia mkononi, na nilisikia kila neno.

"Mkubwa, sasa ile nafasi ya Alhamisi. Si imebaki wazi?"