Siku Cibalonza Alipoficha Maharagwe

Mdogo wangu Cibalonza ana kiburi cha mtu aliyewahi kulala njaa. Simlaumu, ila siku ile alinitia hasira.

Binti yake Gentille alikuwa anasoma chuo hapa Buffalo, Marekani. Mwaka 2015 profesa wao alianza kupima wanafunzi: nani anakula bila kuharibu ardhi na hewa. Ukila nyama unashuka, ukila majani na maharagwe unapanda. Watoto wa kitongoji cha Kenmore, ambao saladi yao hupanda ndege kabla ya kufika mezani, walijitahidi kweli. Gentille akawashinda wote kwa sombe, yaani majani ya muhogo, na maharagwe ya mama yake. Mshindi angekwenda mji wa Columbus kuzungumza mbele ya vyuo vingine, na msichana huyu, ambaye darasani hakuna aliyewahi kumuuliza kitu, alikwisha kuchagua kitenge cha kuvaa. Kilichobaki ni profesa kuja kupiga picha ya chakula cha nyumbani.

"Anakuja kuangalia tunakulaka nini," alimwambia mama yake. "Usibadilishe kitu."

Usibadilishe! Umwambie mama wa Bukavu, Kongo, kwamba anakuja mgeni mwenye tai, halafu asibadilishe kitu! Cibalonza alikwenda kwa mkulima nje ya mji, akarudi na mbuzi mzima. Sufuria ya maharagwe akaifungia kwenye buti la gari.

Gentille aliporudi na profesa, meza ilikuwa imejaa: mbuzi wa kuchoma, mbuzi wa mchuzi, kuku kwa wasiopenda mbuzi. Rangi ikamtoka.

Profesa, kamera mkononi, aliuliza maharagwe yako wapi. Gentille akatafsiri kwa sauti ndogo.

"Maharagi?" Cibalonza akacheka. "Mwambie, maharagi tuliachaga mu kambi ya wakimbizi. Hapa mutoto wangu anakula nyama kila siku. Bon, akae, akule!"

Gentille angeweza kusema mama anatania. Akamtazama mama yake, alivyosimama na kilemba kipya, akatafsiri neno kwa neno.

Profesa akaifunga kamera kwa huzuni. Huzuni haikumzuia kula. Aliongeza sahani, akaramba vidole, akafungiwa paja zima la kwenda nalo. Mlangoni akamwambia Gentille kwamba Columbus atakwenda kijana mmoja wa Kenmore, aliyeanza kula maharagwe mwezi uliopita. Kwa hilo wanampigia makofi!

Gentille alipomweleza mama yake kwamba maharagwe ndiyo yangempeleka Columbus, Cibalonza aliwaka.

"Donc ulienda kuambia wazungu tuko maskini?"

Gentille alichukua ufunguo wa gari. Alitoka nje kwenye theluji, akarudi na sufuria, akaanza kula maharagwe yale yakiwa baridi.

"Mbuzi haikukushibisha?"

"Mama, mimi napendaka maharagi yako," alisema, machozi yakimtoka. "Sikuwaambia tuko maskini. Niliwaambia unapikaka muzuri."

Cibalonza akabaki ameshika upawa wa mchuzi, hana wa kumpakulia.