Fomu Iliyokosa Mwombaji

Watu wa Halvorby, Minnesota, wana adabu ya kukera. Weka sahani ya keki mezani baada ya ibada, italiwa upesi mpaka kibaki kipande kimoja, na hapo ndipo mambo yanapokwama. Atakuja mmoja akate nusu, mwingine akate nusu ya hiyo nusu, na mwenye sahani atarudi nyumbani na chembe isiyomshibisha sisimizi. Kila mtu anamfikiria mwenzake mwenye njaa zaidi.

Marit Haugdahl alikuwa mtoto wa hapo hapo, kwa tabia na kwa damu. Alikuwa na miaka kumi na minane, na kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kusomea udaktari wa mifugo. Chuo kikuu kilishamkubali. Ada ndiyo haikuwepo, kwa kuwa bei ya maziwa ilikuwa imeanguka na baba yake, Arvid, alikuwa ameuza ng'ombe wote. Kiwanda cha jibini kilikuwa kikimsubiri aanze kazi Jumatatu baada ya mahafali, na Marit alikuwa amekwisha kupimwa buti za kazi.

Basi Ijumaa moja, saa nne asubuhi, Bi Pavek akamwita ofisini. Bi Pavek alikuwa mshauri wa wanafunzi. Alikuwa amekaa Halvorby miaka kumi na miwili tu, kwa hiyo bado aliitwa mgeni.

"Fomu yako ya ufadhili wa chama cha wafugaji iko wapi? Mwisho ni leo saa kumi."

"Sikujaza, mwalimu."

"Hukujaza! Kwa nini?"

"Nimemwachia Lorna Quist. Ghala lao liliungua. Mimi nina afadhali."

Bi Pavek alifumba macho kama mtu anayeumwa jino. Kisha akafungua mlango, akapiga kelele mpaka mwisho wa korido. "Lorna Quist! Njoo hapa!"

Lorna akaja mbio, mkate bado mkononi.

"Fomu yako ya chama iko wapi?"

Lorna alimtazama Marit, akaona haya. "Nimemwachia huyu. Kwao wameuza ng'ombe wote. Sisi bado tunao kumi na saba."

Wasichana wakatazamana. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

"Mnajua ufadhili huo umelala miaka mingapi?" Bi Pavek akauliza. "Mitatu! Unalipa chuo miaka yote minne, na kila mwaka mnaachiana kwa heshima mpaka bahasha inarudi kabatini. Huyu ataenda kufunga jibini, yule ataenda kufunga jibini, na mlango wa chuo uko wazi!"

"Lakini mwalimu, kujipigia debe..."

"Kuomba si kumnyang'anya mtu, Marit. Wewe omba, wenye kazi ya kuchagua wachague. Kaa chini."

Wakakaa. Swali la kwanza lilisema: Eleza uwezo wako na mambo uliyoyafanya. Marit alifikiri dakika kumi nzima, akaandika: "Huwa nasaidia kidogo nyumbani." Bi Pavek alisoma, akaichana fomu vipande viwili, akatoa nyingine.

"Badilishaneni. Lorna atasema habari za Marit, Marit ataandika. Halafu mgeuze. Na ole wake atakayefuta kitu."

Lorna hakungoja kuambiwa mara ya pili. "Andika: mwaka jana alizalisha ndama thelathini na wanane."

"Thelathini na saba. Mmoja alitoka mwenyewe."

"Andika! Na uandike ile siku ya theluji, ng'ombe wetu alipokwama. Barabara imefungwa, daktari hawezi kufika, baba yangu ameshakwenda kuchukua bunduki. Wewe ukavua koti, ukaingiza mkono mpaka begani, saa nzima, mpaka ukamgeuza yule ndama. Wote wawili wako hai, Marit. Mama yangu hulia kila anapoisimulia. Hukujua?"

Marit hakujua. Aliandika kichwa kikiwa chini, maana macho yalikuwa yamejaa. Siku zote aliichukua ile kuwa kazi ya jioni kama kazi nyingine, lakini alipoisoma kwa mwandiko wake mwenyewe akamwona msichana ambaye angemwamini na ng'ombe wake. Alifurahi, na ile furaha ilimtia aibu kidogo. Kisha akashika zamu yake, akasimulia jinsi Lorna, anayetaka uhandisi, alivyopiga hesabu za paa la ghala jipya na kumkosoa fundi mbele ya watu, na fundi akakubali.

Fomu zilifika ofisi ya chama zimebaki dakika kumi.

Baada ya wiki mbili Marit aliitwa kwenye usaili. Wazee watano walikaa upande mmoja wa meza, mwenyekiti wao Orville Stensrud, mtu wa maneno matano kwa siku.

"Hapa pameandikwa ulimgeuza ndama," mzee akasema. "Kweli?"

"Lilikuwa jambo dogo tu" ndiyo maneno yaliyomjia Marit mdomoni. Akayameza.

"Kweli. Lakini nilikuwa napapasa gizani, mzee. Nilibahatisha. Nataka kusoma ili siku nyingine nijue ninachokishika. Naitaka nafasi hii."

Mzee Stensrud alikohoa, akatazama dirishani. Halvorby hakuna anayesema "naitaka". Marit akatoka akiamini ameharibu.

Mwezi Mei, ukumbi wa michezo wa shule ulijaa watu kwa usiku wa tuzo. Mzee Stensrud alipanda jukwaani na karatasi.

"Lorna Quist," akasoma.

Marit alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Alimfurahia mwenzake kwa moyo wote, na papo hapo akaziona zile buti za kiwandani.

Lakini mzee hakushuka. "Ziko nafasi za miaka mitatu ambazo hakuna aliyeziomba," akasema. "Kosa ni letu sote. Mwaka huu wameomba wawili, na wote wanafaa. Marit Haugdahl."

Marit akapanda jukwaani, akasimama mbele ya kipaza sauti. Desturi ya pale ni kunong'ona asante na kurudi kukaa. Alisema asante. Halafu hakurudi.

"Nitakuwa daktari wa mifugo," akasema. "Na nitakuwa daktari mzuri."

Kisha benchi likalia upande wa kushoto. Arvid Haugdahl, ambaye hata mnadani alikouza ng'ombe wake hakusikika akisema kitu, alikuwa amesimama juu yake na kofia mkononi, uso mwekundu.

"Huyo ni binti yangu!" akapaza sauti.

Kisha akawageukia waliokaa nyuma, akairudia, wasije wakawa hawakusikia.