Ndoo Isiyo na Dakika ya Mwisho

Kwa maneno ya Mama Rispa wa safu ya juu, king'ora cha saa sita cha viwandani kilikuwa bado kinalia pale Muhiba aliposukuma ndoo ya mama huyo kando na kutega yake mwenyewe. Kwa hiyo, anasema, msichana yule aliiba maji ya asubuhi. Habari ilizunguka Kaloleni mlango kwa mlango. Mfereji ulikuwa wa safu ya juu mpaka saa sita, wa safu ya chini, kina Muhiba, kuanzia saa sita, na kwa Muhiba king'ora kikianza tu, saa sita imefika. Shida ni ule mlio wenyewe, ulivyokuwa mrefu wa kujaza ndoo. Wa nani?

Akaitwa Gordon, mpwa wa Mama Rispa, msomi wa hesabu chuo kikuu. Akaja na chaki, akachora mstari ukutani kando ya mfereji.

"Saa sita ni nukta. Haina urefu. Shangazi, nyakati zote kabla ya nukta ni zako. Nukta yenyewe ni ya Muhiba."

Watu wakapiga makofi. Muhiba naye akapiga, kidogo.

Ijumaa wageni wa posa yake walikuwa waje kutoka Pumwani baada ya alasiri. Mchele umechaguliwa, nyama imekatwa, ndani hamna tone. Na siku hizo king'ora kikinyamaza tu, maji nayo hukatika. Muhiba akawahi mferejini. Mama Rispa alikuwa kachutama, ndoo yake inajaa, Gordon kasimama kando yake.

King'ora kikaanza.

"Mama Rispa, saa sita hiyo."

"Kwani mimi kiziwi? Gordon! Dakika yangu ya mwisho ni ipi, niondoe ndoo?"

Gordon akakuna kidevu. "Haipo, Shangazi. Ukishika yoyote, iko nyingine mbele yake, na bado ni kabla ya saa sita."

"Umesikia, mwanangu? Sina dakika ya mwisho. Sasa nitaondoka lini?"

"Lakini saa hii ni yangu!"

"Ni yako kabisa," Gordon akasema, uso umemchangamka kama aliyepewa zawadi. "Tatizo ni kuifikia."

Ndoo ilishajaa, maji yanamwagikia mtaroni. Mlio ukaanza kushuka. Mfereji ukakohoa.

"Mama Rispa, nakuomba," Muhiba akasema. "Isogeze kidogo tu."

Mama Rispa akamgeukia Gordon. Gordon alikuwa amerudi ukutani, anapapasa mfuko, anatafuta chaki.