Maziwa ya Chelagat

Gari la mizigo lilipiga honi tena, na Khaemba bado alikuwa chooni. Alilisikia vizuri sana. Alijua limesimama nje ya stesheni ya Nakuru, linangoja mtu wa kugeuza reli, na mtu mwenyewe ndiye yeye, amechuchumaa, jasho linamtoka, tumbo linamsokota kama shuka inayokamuliwa. Jamani! Treni unaweza kuiambia ingoje, lakini tumbo utaliambia nini?

Alipotoka mbio akifunga mshipi, alimkuta bwana stesheni, Harbans, ameushika mwenyewe mkono wa chuma wa kugeuzia reli, kilemba kimeenda upande, anauvuta kwa hasira. Mabehewa yakapita polepole. Dereva hakumwangalia Khaemba hata kidogo.

"Mimi napenda wewe, Khaemba," Harbans alisema akihema. "Wewe mtu ya kazi. Lakini leo enda kwa dresa. Kama naacha reli tena bila mtu, kazi kwisha, nyumba ya reli kwisha. Sikia?"

"Nimesikia, bwana."

Dresa wa reli, mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa Obura, Mjaluo mnene mwenye sauti ya chini. Khaemba alikuwa amekwisha kunywa dawa yake nyeupe mpaka akaichoka, akanywa na mizizi ya sokoni pia, wapi! Siku hiyo Obura aliisukuma chupa kando.

"Kaa tuongee. Hili tumbo limewahi kukuachilia?"

Khaemba alifikiri. Kulikuwa na wakati ule alipopelekwa Molo kushika zamu ya mtu aliyefiwa. Alijipikia ugali na mboga, chai akainywa kavu kwa uvivu wa kutafuta maziwa. Alilala usingizi wa mtoto.

"Na hapa nyumbani unakunywa nini?"

"Maziwa," alisema, na alipojisikia akilitamka neno hilo, akalirudia.

Maziwa! Asubuhi chai ya maziwa matupu, jioni mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni. Mkewe, Chelagat, alikuwa Mkipsigis wa Keringet, na baba yake alimtengea mkwe ng'ombe mzima, ingawa mkwe mwenyewe alikuwa Mbukusu asiye na hata boma. Ng'ombe huyo alitunzwa na Kiptanui, kaka yake Chelagat, katika shamba la mzungu alikofanya kazi, upande wa Njoro, naye ndiye aliyeleta maziwa. Chelagat alikisugua kibuyu kwa kijinga cha moto mpaka maziwa yakatoka na rangi ya majivu, laini, yenye harufu ya moshi. Tumbo la mumewe lilipoanza, alikumbuka kwamba kwao mgonjwa wa tumbo hupewa hayo hayo, akamwongezea. Khaemba akizidi kukimbia chooni, Chelagat anazidi kumimina. Naye, kwa kumpenda, anamaliza kikombe.

"Basi acha," Obura alisema. "Yote, hata ya chai. Kuna watu hawapatani na maziwa, ndivyo walivyoumbwa."

"Daktari, mke wangu ni Mkipsigis."

Obura alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Hiyo nayo sina dawa yake," alisema.

Nyumbani Chelagat alikuwa tayari anatikisa kibuyu. "Baba Nekoye, tumbo tena? Kaa nikumiminie."

Khaemba alikipokea kikombe, asikinywe. Harbans hakuwahi kumtia hofu kama hii.

"Mama Nekoye, maziwa ndiyo yananiumiza."

"Maziwa yangu?"

"Si yako tu. Maziwa yote."

"Lakini yangu ndiyo unayokunywa." Alimwondolea kikombe mkononi taratibu. "Na mimi nimekuwa nikikujazia. Kila ukiumwa, nakujazia." Akageukia ukuta. "Sasa Kiptanui nitamwambia nini? Kwetu mkwe akikataa maziwa amemkataa aliyempa ng'ombe."



Tumbo lilitulia. Magari yalipita stesheni, naye yuko pale pale mahali pake, na Harbans akaanza kumtania tena. Lakini nyumbani kulikuwa kimya. Chelagat alipika, akapakua, akala na mtoto kando. Uchungu wa kimya hicho ulimzidi Khaemba kuliko ule wa tumbo.

Jumamosi Kiptanui alifika na maziwa, mrefu, vumbi hadi magotini. Chelagat alimmiminia kikombe kutoka kwenye kibuyu. Hakumimina cha pili.

"Na shemeji?" Kiptanui aliuliza.

Khaemba alikuwa ameshaamua. Heri achuchumae usiku kucha kuliko kukaa na mke asiyemtazama. Akanyoosha mkono.

Chelagat alikivuta kibuyu kwake.

"Hanywi," alisema. "Mimi ndiye nimemkataza. Yanamuumiza."

"Wewe?" Kiptanui alikodoa macho. "Mzee akisikia je?"

"Mwambie ni mimi. Akikasirika, anikasirikie mimi."

Kiptanui alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, kisha akanywa polepole. Chelagat akaiepua sufuria ya chai kavu, akamimina vikombe viwili, akampa Khaemba kimoja, akaketi naye kwenye benchi, bega kwa bega. Tangu azaliwe Chelagat hakuwahi kunywa chai isiyo na maziwa. Alipuliza, akaonja, akakunja uso wote.

Khaemba alingoja aimwage. Chelagat akanywa tena.