Kichupa cha Bwana Kope

Mwosha vioo wa maabara ya leza ndiye aliyempachika profesa jina la Bwana Kope, maana hakuna mgeni aliyepita mlangoni asiambiwe: "Wewe ukipepesa kope, mimi nimeshapima mara bilioni!" Kasi yote hiyo, na kikombe chake cha chai kilikaa dirishani wiki nzima kikiota ukungu, kikimngoja mama wa watu aje akioshe.

Mama huyo asingemjali, ila Bwana Kope alikuwa ameikalia shahada ya mwanafunzi wake mmoja, binti wa kaka yake mama huyo. Hatii sahihi, basi. Mwenyewe alidai kuwa rangi aliyoitengeneza ikipigwa na leza, molekuli zake huruka kwa mshtuko, na mruko huo huchomoza kwenye kompyuta kama mwiba. Binti akaandika kwenye tasnifu yake kwamba mwiba ule ni wa maji na kioo tu; rangi haimo.

"Kwani hajawahi kupima maji matupu?" shangazi mtu akauliza.

"Shangazi, anasema hiyo ni kazi ya watoto wa shule."

"Ehee!"

Siku ya wakaguzi wa chuo, Bwana Kope alikuja na tai mpya. Akazima taa, akawavisha wote miwani ya kinga, ile nyekundu inayoifanya dunia nzima kuwa rangi moja. Kisha, kama kawaida yake, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama mtoto anayengoja kunawishwa. Mwosha vioo akamtilia kichupa kiganjani.

Leza ikapiga. Mwiba ukasimama, wima.

"Mnaona? Molekuli zangu hizo! Wanaobisha wana wivu," akasema, akimkata jicho binti.

"Samahani, Profesa," mwosha vioo akasema kwa sauti ya asali, "niwashe taa?"

"Washa, mama, washa!"

Miwani ikavuliwa. Kichupani mlikuwa na maji. Maangavu, yametulia, hata tone la rangi hamna.

Mkaguzi mkuu akakiinua juu. "Profesa, molekuli zako zimerukia wapi?"

"Huyu mama... amenipa..."

"Nimekupa ulichonyooshea mkono, baba. Si macho unayo?"

Bwana Kope akapepesa kope. Akapepesa tena. Hakupima kitu.

Mkaguzi akaitisha karatasi za binti na kalamu, na Bwana Kope akatia sahihi palepale.

Jioni mwosha vioo akakusanya vyombo vyote vya maabara. Kikombe cha dirishani akakitazama, akakiacha na ukungu wake. Mwenyewe si ana kasi? Akioshe.