Hodi ya Saa Kumi

Kiingereza changu nilikipata kwenye darasa la jioni, Kasulu, mwaka 1968, nikiwa tayari mtu mzima mwenye mke. Mchana nilipanga magunia ghalani, jioni nilijikunja kwenye dawati la watoto nikajifunza vitenzi. Tangu hapo sijaacha kujifunza. Nilipostaafu nilihamia Kibondo, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, na binti yetu Maximilla aliponiletea kompyuta mpakato, mwaka 2014, sikuigeuza kuwa ya kuchezea karata.

Niligundua kwamba tamthilia za zamani za televisheni ya Uingereza zimewekwa mtandaoni na watu wanaozipenda. Picha zake hazina rangi, na kuta hutikisika mlango ukifungwa, lakini waigizaji wanatamka kila neno hadi mwisho wake, kama alivyotamka mwalimu wetu wa Kasulu, Mwingereza. Nilizitafuta kwa msaada wa Safina, mwenye duka la steshenari karibu na soko. Nilimwandikia mwaka na maneno ya kutafutia, naye akanipakulia kwenye flashi, nikaenda kuangalia nyumbani.

"Babu, wenzako wanakuja hapa kutafuta mpira," aliniambia siku moja. "Wewe kila wiki unatafuta Wazungu waliokufa."

Nilimjibu kwamba walikufa wakiwa wanajua sarufi.

Mwezi wa nane alinipatia tamthilia ya sehemu sita, ya mwaka 1961. Kwa Kiswahili ningeiita Mgeni wa Saa Kumi. Mzee mmoja anaishi na mkewe mgonjwa, aliyelala ghorofani. Kila siku saa kumi alasiri, saa yao ya chai, mtu anagonga mlango mara tatu. Mzee anashika magoti yake, haitiki. Ameonywa kwamba huyo anayegonga, akikaribishwa tu, atakwenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Mgeni anagonga tena mara tatu. Kwetu mtu hupiga hodi tatu, asipoitikiwa huondoka. Huyu haondoki. Tunasikia miguu yake ikihama kwenye changarawe, na sehemu inaishia hapo.

Wakati huo Vestina, mke wangu, alikuwa ametoka kulazwa hospitali kwa homa ya mapafu. Alikuwa anapata nafuu. Alilala chumba cha pili, mlango wazi, ili nimsikie akiniita.

Siku ile nilikuwa kwenye sehemu ya tatu. Jua lilikuwa kali, kuku wanapekua uani. Mlango ule wa Uingereza ukagongwa. Nami, nikiwa nimeinamia daftari nanakili neno jipya, nikaitika kama nilivyoitika maisha yangu yote:

"Karibu."

Yule mzee kwenye picha aliinua uso. Hakutazama mlango wake. Alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa na machozi, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha changarawe zikalia, miguu ikatoka mlangoni pake, ikaenda, ikanyamaza.

Nilifuta miwani, nikaendelea na sehemu ya nne, ya tano na ya sita. Hakuna aliyegonga tena. Mke wa yule mzee alishuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe, wakanywa chai. Nikarudi kwenye sehemu ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeiangalia mara mbili. Saa ya ukutani ililia, mlango ukabaki kimya. Kesho yake nilimpelekea Safina ile flashi. Aliangalia huku anatafuna karanga, akasema hii ni hadithi ya wazee wawili wanaokunywa chai, inaisha vizuri, tatizo liko wapi.

Nilipofika nyumbani Vestina aliniuliza kwa nini nimemwacha mgeni sebuleni bila hata maji. Alikuwa amemsikia akikaa. Niliangalia. Hapakuwa na mtu, ila mto wa kiti kilicho karibu na mlango ulikuwa umebonyea. Niliusawazisha. Nilipotoka jikoni niliukuta umebonyea tena.

Kufikia Jumatano kikohozi kilikuwa kimemrudia. Kufikia Ijumaa alishindwa kuinua kikombe.

"Baba Maximilla," aliniita, "amesogeza kiti. Yuko mlangoni kwangu."

Kweli kiti kilikuwa mlangoni kwake, na mimi sikukisogeza.

Sipendi kusadiki mambo yasiyo na maelezo. Lakini nilikuwa nimemkaribisha mtu kwa mdomo wangu, na mgeni uliyemkaribisha humfukuzi. Unachoweza ni kumpa heshima yake, kisha umsindikize. Saa kumi nilimwekea chai ya maziwa. Nilivaa koti langu la kazini, nikasimama mbele ya kiti nikamsomea, kwa Kiingereza nilichokiandika na kukisahihisha mara mbili, kwamba tumefurahi kutembelewa, kwamba mke wangu anahitaji kupumzika, na kwamba ningependa kumsindikiza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzungumza na Mwingereza tangu mwalimu wetu aondoke. Mto ukainuka polepole. Chai haikuwa imepungua, lakini nilipoigusa ilikuwa baridi kama maji ya mtungini.

Tulishika njia ya kuelekea Busunzu. Sikusikia nyayo, ila niliposimama kupumua, vumbi la upande wangu wa kulia lilitimka mara moja zaidi ndipo likatulia. Mwendesha baiskeli mmoja mwenye mikungu ya ndizi alipiga kengele, akatukwepa kwa nafasi ya watu wawili. Desturi ni mgeni mwenyewe kukuambia basi, rudi sasa. Huyu hakuniambia. Nyumba za mji zilianza kwisha, magoti yakaniuma, nikamfikiria Vestina aliye peke yake.

Nyumba ya mwisho ni ya Harerimana, rafiki yangu wa miaka thelathini, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana, akaoa, akawa raia. Alikuwa barazani na mkewe Esteri wakichambua maharage. Aliponiona aliingia ndani, akatoka na vigoda viwili.

"Mwiriwe, Mzee Stanislaus," alinisalimu kwa Kirundi. "Karibu, wewe na mgeni wako."

Ningeweza kumwambia sina mgeni. Ningeweza kumwambia alirudishe neno lake. Nilisema nawahi nyumbani, nimeacha mgonjwa.

"Basi nenda. Yeye mwache apumzike kwetu."

Niligeuka. Nyuma yangu kigoda kililia kama kimekaliwa, na Esteri akauliza kwa upole kama mgeni anakunywa uji.

Nyumbani nilimkuta Vestina ameketi uani. Alidai chai yenye sukari nyingi.

Hizo ni wiki tatu zilizopita. Vestina sasa anafua mwenyewe. Jumapili ya kwanza Esteri hakuonekana kanisani. Jumapili ya pili nilisikia ni mapafu. Sikwenda kumjulia hali, mimi ambaye hapa mtaani ndiye ninayewakumbusha wengine kwenda. Harerimana alinitumia ujumbe kwa mpita njia kwamba nikamchukue mgeni wangu, kwani amejaribu kumuaga kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na haondoki. Nikajibu kwamba miguu inanisumbua.

Leo saa kumi nilikuwa sebuleni. Mlango ukagongwa.

"Hodi, Mzee Stanislaus." Ilikuwa sauti ya Harerimana, sauti ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. "Hodi. Hodi hapa."

Kwenye uwazi wa chini ya mlango niliviona viatu vyake vyenye matope makavu. Ilikuwa jozi moja tu. Alikuja peke yake, kuniomba nikaseme sentensi tatu za Kiingereza. Nilishika magoti yangu.

Vestina aliingia kutoka uani akifuta mikono kwenye kanga, akanitazama, akautazama mlango, akafungua kinywa kuitika kama alivyoitika maisha yake yote. Niliinuka kwa kasi ambayo sikujua bado ninayo, nikamziba mdomo kwa kiganja.

Nje, Harerimana akapiga hodi ya nne.