Mshipa wa Shingo

Skolastika hakuwa mjinga. Shemeji yake Mugeta, injinia wa mashine za hospitali, alikuja Nyasho eti kumjulia hali kaka yake Pastory, mume wa Skolastika, aliyepigwa na kiharusi. Sawa. Lakini mgonjwa hajuliwi hali mwezi mzima, jamani. Huyu kajifungia chumba cha uani, anazungusha waya wa shaba mwembamba kama unywele kwenye kimrija chembamba.

Kilichomkata maini ni ile mishipa. Bucha zimejaa pale Nyasho, yeye anakwenda mpaka Bunda machinjioni, anarudi na mshipa wa shingo ya ng'ombe, nyama hataki. Katika ukoo wao wa Butiama, ng'ombe wa matanga akichinjwa, shingo hupewa ndugu atakayerithi mji wa marehemu. Mji pamoja na mjane. Sasa huyu ameanza kujichukulia shingo na mwenye mji bado anapumua!

Siku ya Ijumaa Skolastika aliingia chumbani kwa mumewe akamkuta Mugeta ameweka vidole kwenye shingo ya Pastory, wananong'ona. Walipomwona, Mugeta akaondoa mkono. Hasira zikampanda. Akaenda chumba cha uani, akauchukua ule mrija na waya wake, akautupa kwenye jiko la mkaa.

Mugeta alipoukuta unaungua hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda nje ya dirisha la mgonjwa, akaeleza taratibu. Ile ni koili, kama antena ndogo ya kunasa picha. Inapitishwa ndani ya mshipa, mtu analazwa kwenye mashine ya MRI inayopiga picha za ndani ya mwili, na kwa vile koili iko karibu, picha inaonyesha mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa kabla hayajaleta kiharusi kingine. Mishipa ya ng'ombe ni ya kujaribia tu. Bunda ana rafiki anayemkatia mizima.

"Na shingo ya mume wangu ulikuwa unaipimia nini?"

Mugeta akatazama chini. "Yeye ndiye aliyeushika mkono wangu akauweka pale, shemeji. Ananiombaga kila siku nimjaribie. Nakataa, maana itamuua."

Dirishani ikasikika sauti ya Pastory, nzito, ya mdomo uliopinda.

"Ikifaa, nitapona. Isipofaa, mama Dorah, utapumzika kuniogesha."

Mwezi mzima Skolastika amemlinda mume asichukuliwe na ndugu yake, kumbe anayetaka kuondoka ni mume mwenyewe. Akaingia ndani, akaketi kitandani.

"Nani alikwambia nataka kupumzika?"